Windows 11 kwenye laptopu za mitumba: ipi ivushwe, ipi iachwe

Microsoft ilisitisha huduma ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba mianya. Laptopu ninazoshika hapa Mombasa nyingi ni za mitumba kutoka Uingereza, EliteBook za HP, ThinkPad na Latitude za Dell, na swali la wenyewe ni moja: niiingize 11 au niiache? Kwangu mimi prosesa ndiyo inayotoa jibu, diski inafuata. Umri wa mashine na uzuri wa kava havina uzito.

Fungua Settings, System, kisha About, usome namba ya prosesa. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakwambia ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza: i5-10210U ni cha kumi. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba. Kwa laptopu za AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 3000. Muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5", hajakwambia kitu. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, na hapo mlango umefungwa. Kuna wanaohangaika kuipandisha TPM yake (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) kutoka 1.2 hadi 2.0 wakidhani itakubaliwa. Haitakubaliwa, kwa sababu prosesa bado iko nje ya orodha.

Kwa mashine za kizazi cha nane kuendelea, nasema ivushe, ila kwanza tazama diski na RAM. Microsoft inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa GB 4 utaona kompyuta ikiwaka, lakini ukifungua iTax (tovuti ya kodi ya Kenya), WhatsApp ya kivinjari na faili moja la Excel kwa pamoja, inaanza kukokota. Kiwango changu cha chini ni GB 8. Kama bado ina diski ya kuzunguka, usiguse Windows 11 kabla ya kutia SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 256. Diski ya zamani itakaa kwenye asilimia 100 muda wote na utailaumu Windows bure. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya RAM.

Pima pia afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Namba za mistari ya 05 na C5 zikiwa zaidi ya sifuri na zinapanda, diski inakufa. Nakili mafaili leo, mambo mengine yafuate baadaye.

Mashine ikiwa imefaulu yote hayo lakini PC Health Check, programu ya ukaguzi ya Microsoft, bado inaikataa, mara nyingi tatizo liko kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Andika tpm.msc kwenye Run uone kama TPM ipo na ni toleo la 2.0. Ikiwa haionekani, ingia BIOS: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Humo, TPM kwenye Intel huitwa PTT, kwenye AMD fTPM, na ThinkPad huiita Security Chip. Kisha andika msinfo32 utazame BIOS Mode. Ikisema Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwaka, diski huenda imepangwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanakimbilia BIOS kubadili kuwa UEFI, njia mpya ya kuwaka, kompyuta inagoma kuwaka, wanadhani imekufa. Utaratibu sahihi ni kubadili diski kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia kwa /convert badala ya /validate. Hapo ndipo unazima, unaingia BIOS, unaweka UEFI na Secure Boot. Amri hiyo hukataa diski yenye vigawanyo vya msingi zaidi ya vitatu, na mashine zilizopita mikononi mwa mafundi kadhaa huwa na vigawanyo vya ajabu ajabu. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, imewashwa, isimamishe kabla ya kubadili diski au kugusa BIOS, na uhakikishe una ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila huo, data imekwenda.

Faili la ISO, lenye Windows 11 nzima ya kusakinisha, lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Mwenye mashine kadhaa apakue mara moja alitumie kwa zote, asimalize bando kwa kila kompyuta. Acha nafasi ya GB 30 kwenye diski C. Chaja iwe imechomekwa, na betri iwe na uwezo wa kushika walau saa moja. Ikiwa betri imekufa au ni kompyuta ya mezani, tafuta UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuvuka, Windows hujaribu kujirudisha, lakini si kila mara inafaulu. Baada ya kuvuka una siku 10 za kurudi Windows 10. Unaweza kuzirefusha hadi 60 kwa amri ya DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, ukiandika mapema kabla hazijaisha. Siku ya kwanza feni itanguruma kwa sababu mafaili yanapangwa upya. Kwa joto na vumbi la chumvi la pwani, safisha feni na ubadilishe grisi ya prosesa kabla, si baada.

Leseni nayo ina mtego. Kwenye Command Prompt andika slmgr /xpr. Ikitoa tarehe ya kuisha badala ya kusema imewashwa kabisa, fundi aliyepita alitumia njia ya mkato, na huenda baada ya kuvuka utaulizwa leseni. Laptopu za kampuni huwa na ufunguo halisi ndani ya BIOS. Ukiweka toleo lile lile, mara nyingi Pro, inajiwasha yenyewe ikipata intaneti.

Sasa za kizazi cha sita na cha saba. Programu ya Rufus inaweza kutengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na Windows 11 itaingia na kufanya kazi vizuri tu. Sipendekezi kwa mashine ya kazi. Toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, utarudia flashi kila mara, na huduma ya toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 kwa Home na Pro inaisha Oktoba 2026. Karani wa kampuni ya forodha anayetegemea kompyuta hiyo kutoa kontena bandarini hahitaji mchezo huo.

Njia nafuu kwake ni ESU, viraka vya nyongeza vya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Masharti: Windows 10 iwe toleo la 22H2, na uingie kwa akaunti ya Microsoft yenye haki za msimamizi. Ukikubali kuhifadhi mipangilio kwa Windows Backup ni bure, la sivyo ni dola 30 au pointi 1,000 za Rewards, na leseni moja inatosha kompyuta 10. Kiungo kiko Settings, Update & Security, Windows Update. Kompyuta za ofisi zilizounganishwa na domeni hazimo. Kwa hizo bei ni dola 61 kwa mwaka wa kwanza, kisha inaongezeka maradufu.

Tarehe 13 Oktoba 2026 ikipita, mimi ningeweka Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, inayohudumiwa hadi Aprili 2029. Iendeshe kwanza kwenye flashi bila kufuta kitu, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Printa za HP kwa kawaida hazisumbui. Canon LBP2900, iliyojaa kwenye vibanda vya uchapaji, inasumbua sana. iTax na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) hufunguka kwenye kivinjari, lakini fomu za kodi za Excel zenye makro zijaribu kwenye LibreOffice, mbadala wa Excel kwenye Linux, mapema, si usiku wa mwisho wa Juni, mwisho wa kuwasilisha kodi. Na duka linaloweka hesabu kwa QuickBooks ya kusakinisha libaki Windows, ambayo maana yake ni kutafuta mashine ya kizazi cha nane.