Karata za silabi za kutengeneza nyumbani: ubandike juu ya za zamani au uchapishe mpya?

Kila muhula wazazi wa darasa langu huniuliza wanunue nini ili watoto wacheze karata za silabi nyumbani. Jibu langu halibadiliki: tafuta kwanza pakiti ya karata kuukuu. Hata iliyopoteza ree ya kopa inafaa. Njia zote ninazozitaja hapa nimezijaribu, na nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi. Kipimo changu ni kwamba karata ichangike vizuri mkononi, na mgongo wake usifichue kilichoandikwa mbele.

1. Stika juu ya karata za zamani

Unachonunua ni karatasi za stika za A4 tu. Karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88, kwa hiyo ukurasa mmoja unatoa 9, na pakiti ya karata 54 inamaliza kurasa 6. Nunua 7, maana mmoja utaharibika. Mimi nachukua konsonanti 10 kwa irabu 5, napata silabi 50, na zile 4 zinazobaki nazifanya jokeri.

Unalookoa hapa ni mwili wa karata. Karata nzuri huwa na tabaka mbili za karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi nyeusi ili mwanga usipenye, na ukiikunja inarudi. Sijapata manila inayofanya hivyo.

Futa kila karata kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole. Kata stika iwe milimita 59 kwa 84, ibaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Ikifika ukingoni, kucha za watoto zitaanza kuibandua wiki hiyo hiyo. Weusi wa shupaza huonekana chini ya stika nyeupe, kwa hiyo natia rangi nzito nyuma ya herufi. Gundi ya maji usiiguse kabisa. Niliipaka pakiti nzima jioni moja, nikaamka karata zote zimejikunja kama maganda ya muhogo. Kasoro ya stika ni unene: pakiti inaongezeka karibu nusu sentimita na boksi halifungi tena. Zifunge kwa mpira.

Kagua migongo kabla hujalipia karata za mkononi. Kuna mtoto alishinda raundi nne mfululizo darasani, nikafurahi kwamba kusoma kumemkaa. Nilipoinama karibu yake nikaona macho yake hayako kwenye herufi. "Ba" ilikuwa na kunjo dogo kwenye kona ya kushoto, "mu" ilikuwa na doa la chai. Alizijua zote kwa mgongo. Pakiti ile niliitupa siku hiyo hiyo. Ukiwa na pakiti mbili pungufu, moja ya bluu na moja nyekundu, usizichanganye ovyo: bluu ziwe konsonanti, nyekundu irabu, watoto waunganishe.

Kuzipa karata kuukuu kazi mpya ni jambo la zamani. Mwaka 1685, katika koloni la Ufaransa lililo Kanada ya leo, fedha za kulipa askari zilikwisha. Ofisa Jacques de Meulles akatia saini kwenye karata, zikatumika kama noti.

2. Vifuko vya plastiki

Karata ya zamani inakaa nyuma, karatasi ya kawaida ya gramu 80 mbele, vyote ndani ya kifuko. Unabadilisha silabi bila kubandua kitu. Ingeshika namba moja, ila vifuko hivi kwa kawaida ni vya kuagiza. Chagua vyenye mgongo usioonyesha ndani.

3. Kuchapisha mpya kwenye karatasi ngumu

Steshenari waombe karatasi ya gramu 300 na printa ya leza. Wino wa maji hutoka kwa jasho la vidole. Pande mbili hazilingani kamwe, huteleza milimita moja au mbili. Kwa hiyo mgongo uwe na nakshi inayojaa ukurasa, usiwe na fremu, kwani fremu iliyoenda upande ni alama kama lile kunjo la "ba". Kata kwa mashine ya kukatia, mkasi uache. Kona zimalizie kwa kikata kucha.

4. Laminesheni

Zinateleza, ni nene, kona zinachoma, na kuzichanga ni taabu. Lakini kama mtoto wako bado anakula uji huku anacheza, chukua hizi, mzipange mkekani mkitafuta zinazofanana.

Kiwandani nenda tu kama ni shule inayotaka pakiti nyingi. Omba pakiti moja ya mfano, uichange mara ishirini pale pale mezani, uigeuze uangalie migongo, ndipo utoe malipo ya awali.