Buffet R13 au Yamaha YCL-255: pesa ya ziada inakwenda wapi?

Klarineti hizi mbili nimezipuliza hapa Kisumu, ukumbini na uwanjani, na uamuzi wangu nautoa mapema: R13 inastahili bei yake kwa mtu anayepuliza ndani, pamoja na wenzake, na ambaye rejista ya pili, yaani noti za juu, haimsumbui tena. Kwa bendi ya shule au ya kuandamana barabarani, chukua YCL-255. Ni ya plastiki, haiogopi jua wala mvua, na bei ya R13 moja mpya hununua zaidi ya tatu za aina hiyo.

Ukizilinganisha, usihangaike na noti za chini, maana huko Yamaha inajitetea vizuri. Sikiliza noti za kooni: G-shapu, A na B-flati, zinazotolewa na bomba fupi kabla ya kuvuka kwenda rejista ya pili. Kwenye Yamaha ni nyembamba, na ukipanda kutoka B-flati hadi B inayofuata, mshono, yaani mahali sauti inapobadilika, unasikika hadi viti vya nyuma. R13, iliyosanifiwa na Robert Carrée mwaka 1955, ina tundu la ndani lenye vipenyo tofauti, na mshono huo hupungua sana. Hapo ndipo pesa ilipo.

Mwili wake ni mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji unaokwenda Ufaransa kuchongwa. Mpingo hupasuka, hasa kipande cha juu, karibu na matundu ya trili (ya kupishanisha noti mbili haraka), kwa sababu pumzi yenye unyevu huvimbisha mti kwa ndani huku nje ukiwa mkavu au baridi. Kisumu tuna hewa ya ziwa. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi na asubuhi za baridi, kuweni waangalifu zaidi. Ikiwa mpya, puliza dakika 15 hadi 20 tu kwa siku wiki ya kwanza, ifute ndani kila unapomaliza, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Kipande cha juu kipashe joto kwapani kwanza. Usiiache ndani ya gari kamwe. Asiyetaka wasiwasi huo aulizie R13 Greenline, ya unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni: hali ya hewa haiipasui, ingawa ikianguka yaweza kukatika kwenye kiungo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: R13 huuzwa ikiwa imepangwa kwa 440 au 442, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ya noti A; namba kubwa ni sauti ya juu zaidi. Kinanda cha kanisani kiko 440, na joto letu hupandisha sauti ya klarineti. Ukileta ya 442 Kisumu, mchana utakuwa juu ya kinanda daima. Kuivuta barali, kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa kupulizia, milimita moja au mbili husaidia, lakini ukizidisha, noti za kooni hushuka kuliko nyingine na ala nzima hukosa usawa. Agiza 440, au nunua barali ndefu zaidi.

Kabla ya yote hayo, toa mdomo wa kupulizia wa 4C unaokuja na Yamaha, uweke wa Vandoren B45 au M30 na ridi (kijiti chembamba kinachotetemeka) namba 2½ au 3. Sauti hujaa papo hapo kwa sehemu ndogo sana ya bei ya R13. Wengi wangeridhika na hilo, na ningependa walimu wa shule walijue kabla ya kuomba wazazi michango.

R13 iliyotumika nayo ni njia nzuri, ila ikague. Tenganisha vipande. Kwa cha juu, ziba matundu kwa vidole na mwisho wake kwa kiganja, kisha vuta hewa kwa mdomo: lazima ing'ang'anie kwa sekunde kadhaa. Ikiachia mara moja, padi, yaani vifuniko laini vya matundu, zinavuja. Ili kujua ni ipi, weka karatasi ya sigara chini ya kila padi, funga kibonyezo na uivute. Inapoteleza bila kushikwa, padi hiyo ni ya kubadilishwa. Padi zikivuja nyingi, punguza bei kwa gharama ya seti nzima, fundi, na nauli ya Nairobi ukikosa fundi wa karibu.