Tovuti ya picha zako za sanaa: uipangishe wapi ukiwa Uganda

Mwaka juzi mama mmoja aliyeipenda picha yangu ya wavuvi wa Panyimur, kwenye maonyesho madogo Kampala, aliniomba anwani ya tovuti. Nikamwandikia nyuma ya risiti. Usiku akanipigia simu akicheka: alichokikuta humo ni kamari. Kijana aliyenitengenezea tovuti alikuwa ameisajili domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akaenda kutafuta maisha Uarabuni. Ada ya mwaka ikafika, hakuna aliyelipa, na jina likaokotwa na wengine. Domeini ya .com ikishafutwa kwa kutolipiwa huwa na siku 30 za kukombolewa kwa ada ya juu, ila maonyo yote hutumwa kwa aliyesajili. Mimi sikuona hata moja.

Kwa hiyo anza kununua jina, tena ulinunue mwenyewe, kwa barua pepe yako mwenyewe, hata kama fundi ndiye atakayefanya mengine yote. Ukitaka .ug au .co.ug, wapo wauzaji wa hapa nchini wanaopokea malipo ya simu. Tumia jina lako la kuzaliwa. Wanaokusanya sanaa humtafuta msanii kwa jina, na hayo majina ya "Something Studios" tuyaachie kwanjula (sherehe za kumtambulisha mchumba) na mahafali. Kisha jina liwe mahali pamoja na tovuti mahali pengine. Siku ukigombana na mwenye nyumba, yaani kampuni inayohifadhi tovuti, unahama na anwani yako.

Wapo wanaouliza tovuti ya nini na Instagram ipo. Jibu langu ni Januari 2021. Facebook ilipofungwa nchini wakati wa uchaguzi, wapigapicha waliokuwa wamejenga jina lao lote kwenye ukurasa wa Facebook walibaki kuwasihi wateja wawashe VPN, programu ya kukwepa kufungiwa mtandaoni.

Sasa kupanga nafasi ya tovuti. Nimezipima huduma kwa mambo matatu: je, naweza kulipa nikiwa Arua bila kumwomba binamu mwenye kadi? Je, mtu mwenye simu ya bei rahisi ya itel na MB chache ataziona picha? Na nikitaka kuondoka, natoka na vitu vyangu?

Ya kwanza: WordPress kwenye seva ya kukodi

Naiweka juu ingawa ndiyo itakayokusumbua kuliko zote. Programu yenyewe, ya kujengea tovuti, ni ya bure tangu 2003. Unacholipia ni nafasi ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kampuni kadhaa za Kampala hupokea MTN MoMo na Airtel Money. Usichanganye na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni, yenye masharti yake. Faida kubwa kwa mtu wa hapa ni mauzo. Ukiongeza duka la WooCommerce na plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kampuni za malipo kama Pesapal au Flutterwave, mteja wa Ntinda anakulipa kwa shilingi kutoka kwenye simu yake. Maduka mengi ya huduma za nje yanategemea Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Uganda. Hapo ndipo tovuti nyingi nzuri hubaki kuwa za kutazama tu.

Picha nazo WordPress inazitendea vizuri. Ukipakia kubwa kupita pikseli 2560 inaipunguza yenyewe, halafu inatengeneza saizi kadhaa ndogo ili simu isilazimike kuvuta ile ya kompyuta. Nakala hizo ndogo hubanwa tena kwa ubora wa 82. Kwa picha yenye anga tupu au ukungu wa asubuhi mtoni, wakati mwingine utaona mistari kwenye mpito wa rangi. Dawa yake ni kuongeza chembechembe (grain) kidogo kwenye picha kwa makusudi kabla ya kupakia.

Usumbufu ni huu: usiposasisha plagini, watu wabaya wataingia. Usipoweka nakala ya akiba nje ya seva, siku moja utalia. Kampuni moja niliyokodi ilipoteza diski, na nakala zao za akiba zilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Chagua themu (kiolezo cha sura ya tovuti) nyepesi, plagini zisizidi tano au sita, na kila mwezi shusha faili zote kwenye kompyuta yako.

Ya pili: Adobe Portfolio

Kama unalipia Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kihalali, Portfolio umeshainunua bila kujua. Imo ndani ya usajili wa Creative Cloud na inaruhusu tovuti tano. Unaweza kuvuta albamu moja kwa moja kutoka Lightroom, unaunganisha domeini yako, na kwa jioni moja umemaliza. Violezo ni vichache na vimetulia, jambo ambalo mimi naliona sifa. Wenye Lightroom ya kupewa kwenye flashi, samahani, hii haiwahusu.

Kasoro zake mbili zijue mapema. Haina duka kabisa, na usajili ukikatika tovuti inashuka. Tangu Januari 2025 wateja wapya hawapati tena ule mpango wa picha wa GB 20 uliokuwa karibu dola 10 kwa mwezi. Ule wa TB 1 ni takriban mara mbili yake. Kwa mtu anayeuza picha chache kwa mwaka, hesabu hiyo inauma. Kama tayari unailipa kwa ajili ya kazi za harusi, usitafute kingine.

Ya tatu: Squarespace

Ndiyo inayopendeza kuliko zote, sibishi. Ukilipia mwaka, mpango wa chini huzunguka dola 16 kwa mwezi, yaani karibu laki saba za shilingi kwa mwaka, na usishangae VAT ya asilimia 18 ikiongezwa juu. Inataka kadi, kwa hiyo hakikisha kadi yako ina salio siku ya makato. Mtu anayetafuta nafasi za mafunzo ya wasanii nje ya nchi, asiye na haja ya kuuza mtandaoni, atafurahi nayo. Kuhama ni nusu nusu: maandishi unaweza kuyatoa, mpangilio unauacha.

Zilizobaki

Pixieset ina mpango wa bure wa GB 3 na ni nzuri mno kwa kumkabidhi bibi harusi picha zake. Itumie kwa kwanjula, na kazi ya sanaa iweke kwingine, maana mnunuzi hapaswi kupita katikati ya keki ili aifikie. Anayejua HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, anaweza kuweka tovuti GitHub Pages bila kulipa chochote zaidi ya domeini. Kikomo ni GB 1, nacho ni kikubwa kuliko utakachohitaji. Wix naiweka mwisho. Ya bure inakubandikia tangazo lao, na tovuti iliyojengwa humo haihamishiki. Ukitoka unaanza upya.

Utakachoweka humo

Hapa ndipo pesa huokolewa au kupotezwa, huduma iwe ipi. Faili ya JPEG kutoka kwenye kamera inaweza kufika MB 15. Picha 30 za namna hiyo ni MB 450, na tangu Julai 2021 data nchini inatozwa ushuru wa asilimia 12. Nani atakayemaliza bando lake kwa ajili yako? Toa kila picha ikiwa na pikseli 2048 upande mrefu, ubora wa 80 hivi, na itakuwa chini ya MB moja. Hapohapo umejilinda na wezi. Pikseli 2048 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa sentimita 17, ukubwa wa kadi ya posta. Huna haja ya kubandika nembo katikati ya uso wa mtu, wala ya zile plagini za kuzuia kubofya kulia, ambazo hazimzuii yeyote.

Rangi iwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida mtandaoni, na wasifu wake (maelezo ya mfumo huo) uachwe ndani ya faili. Picha ya Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu huo inapauka: murram nyekundu ya barabara ya Pakwach inageuka majivu, na ngozi za watu zinakuwa kama za wagonjwa.

Picha zisizidi 25. Zigawe kwa mfululizo, na chini ya kila moja andika jina, mwaka, ukubwa kwa sentimita, aina ya karatasi na idadi ya nakala utakazochapa, kwa mfano nakala 7 na mbili za msanii. Idadi hiyo ukishaiandika usiiongeze. Maelezo yaandike kwa Kiingereza kama wanunuzi wako wengi wanasoma hicho, ila jina la picha liache katika lugha lililozaliwa nayo, kiwe Kilugbara, Kialur au Kiswahili. Mandharinyuma nyeupe au kijivu, fonti moja, muziki hapana. Bei mimi siziweki. Naweka kiungo cha WhatsApp na barua pepe yenye domeini yangu.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, azima simu ya bei rahisi ya mtu yeyote, zima Wi-Fi, simama kwenye stendi ya boda na ufungue tovuti. Ikiwa mwenye simu ameidai irudishwe kabla picha ya kwanza haijaonekana, salio likae mfukoni.