Rili ya spini au beitikasta? Uzoefu wangu wa miaka minne kwenye mabwawa ya Texas

Mimi ni mtoto wa Tanga, mama yangu fundi cherehani, na uvuvi nilioukuta nyumbani ni wa mshipi wa mkononi. Unauzungushia kwenye kipande cha ubao, unafunga chubwi na ndoana, unatupa, kisha unasikiliza kwa kidole. Fimbo niliziona kwa watalii tu. Kwa hiyo nilipohamia Lewisville, kaskazini ya Dallas, na jirani mmoja akanialika kwenda kuvua besi, niliingia dukani nikiwa na kiburi cha mtu wa pwani. Nikatoka na rili, yaani kile kifaa cha fimbo kinachoviringisha mshipi, ambayo hata jirani mwenyewe alishangaa nimeinunua ya nini.

Besi ninayemsema si la gitaa. Ni samaki wa maji baridi, kijani mgongoni, mdomo mkubwa hata ukubwa wenyewe unakuwa kichekesho. Wakenya wa Naivasha wanamjua, maana alipelekwa ziwani kwao tangu miaka ya 1920. Huku Texas ni kama mpira wa miguu kwetu: watu wazima wanabishana juu yake mpaka wananuniana. Na ubishi mkubwa ni huu wa rili.

Tofauti yenyewe niliielewa kwa vitu vya mama. Chukua kibiringo cha uzi, kisimamishe mezani, uvute uzi kwa juu. Kibiringo kimetulia, uzi unajimwaga wenyewe duara kwa duara. Hiyo ndiyo rili ya spini: inaning'inia chini ya fimbo, na unapotupa, bobini inayobeba mshipi haizunguki. Sasa kipitishie msumari katikati, uvute uzi kwa ubavu. Kibiringo kinazunguka. Acha kuvuta ghafla uone: chenyewe kinaendelea kuzunguka, uzi unafura, dakika hiyo hiyo una vurugu mkononi. Hiyo ndiyo beitikasta, inayokaa juu ya fimbo, bobini ikizunguka kila unapotupa. Mfano huu hauko mbali na historia. Alfred Illingworth, Mwingereza aliyesajili rili ya bobini iliyotulia mwaka 1905, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo. Na rili za Kimarekani zilizozaa beitikasta zilianza kwa mtengeneza saa wa Kentucky, George Snyder, mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiifungua beitikasta ukaona vile vigurudumu vya meno vilivyopangana, utaamini kwamba ni kazi ya fundi saa.

Mimi nilianza na beitikasta. Nilinunua seti ya dola 50, fimbo na rili pamoja, kwa sababu ndiyo niliyoona mikononi mwa mabingwa kwenye video. Jina la kampuni sitalitaja. Siku ya kwanza kwenye bwawa la Lewisville nilitupa mara sita. Mara tano mshipi ulifumuka juu ya bobini kama nywele za mtoto aliyeamka usingizini. Mara ya sita chambo kilikatika kikaruka peke yake kwenda majini. Shemeji yangu, ambaye nilimchukua ili anione nikivua, alikaa kwenye jiwe akala njugu zote, kisha akauliza, "Shemeji, hiyo ni rili au unashona?" Saa mbili nzima nilikuwa nafungua mafundo. Nilirudi nyumbani na mkasi.

Sehemu ya lawama ilikuwa ya ile rili. Kitasa chake cha breki inayopunguza kasi ya bobini ulikuwa ukikizungusha toka sifuri mpaka kumi bila kuona tofauti yoyote, na beringi zake zilianza kulia mwezi wa tatu. Lakini sehemu kubwa ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba beitikasta huongozwa kwa dole gumba. Chambo kinapoondoka, gumba linagusa bobini kwa upole, kama unavyogusa chapati kujua kama imeiva. Kinapokaribia maji, gumba linabana. Ukichelewa nusu sekunde, bobini inatoa mshipi ambao hauna pa kwenda.

Nikaiweka kabatini, nikanunua seti ya spini ya dola 60, rili ya ukubwa wa wastani (saizi ya 2500), fimbo ya futi 7 ya ugumu wa wastani. Jioni ile ile nilivua besi wawili, wadogo, lakini wawili. Unafungua waya uliopinda unaouzuia mshipi kwenye bobini, unashika mshipi kwa kidole cha shahada, unarusha, unaachia. Mtoto wangu wa miaka tisa alijifunza kwa robo saa. Kama ningeandika maoni haya wakati ule, yangekuwa mistari mitatu: nunua spini, achana na mengine.

Kilichonibadilisha ni bwawa la Lake Fork. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi mashariki ya Dallas, na kwa wapenda besi wa Texas ni mahali pa kwenda kama kuhiji. Rekodi ya jimbo, samaki wa ratili 18.18, ilitoka humo mwaka 1992. Kama karibu maziwa yote ya Texas, ni bwawa la kuziba mto, na walipolijaza maji miaka ya 1980 waliacha miti mingi imesimama. Sasa miti hiyo imekufa, imebaki vigogo na matawi chini ya maji, na besi wakubwa wanakaa humo humo kama wapangaji wasiolipa kodi.

Nilikwenda na spini yangu, mshipi wa ratili 8, yaani unaohimili uzito huo kabla haujakatika. Kwenye kigogo cha pili akauma mmoja mzito. Hakuvuta kwa fujo, alijongea tu kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau chumbani, akazunguka tawi mara moja, mshipi ukakatika. Dakika ishirini baadaye, wa pili vile vile. Mzee wa Kitexas aliyekuwa kwenye mashua ya karibu, mwenye kofia iliyopauka, alinitazama, akainua fimbo yake akanionyesha: beitikasta, mshipi wa kusuka wa ratili 50. Hakusema neno. Nilimwelewa kuliko wote walionieleza kwa maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye miti na magugu humpi samaki nafasi ya kufikiri. Anapouma unamng'oa hapo hapo. Kwa kazi hiyo unataka mshipi mnene, na mshipi mnene kwenye bobini ndogo ya spini unakaa vibaya: unajikunja kama waya wa simu za zamani na kuruka wenyewe, na umbali wa kutupa unapungua. Beitikasta haina shida hiyo. Mshipi unaingia na kutoka moja kwa moja, mkono wa rili una nguvu ya kukokota, na fimbo yake ngumu inanyanyua samaki pamoja na kilo ya majani.

Basi nikarudi kwenye beitikasta kwa adabu. Safari hii nilinunua rili ya dola 100 iliyotumika kidogo, ya kampuni ya Shimano, na fimbo mpya ya dola 70. Sikwenda majini. Kwa wiki tatu, kila jioni, nilisimama kwenye nyasi nyuma ya nyumba nikatupa chubwi la gramu 14 kwenye ndoo. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Kwanza unaweka kitasa cha pembeni kinachobana bobini: bonyeza kitufe cha kuiachia bobini, acha uzito ushuke polepole, na ukigusa ardhi bobini isimame yenyewe. Kama inaendelea kuzunguka, kaza. Breki unaanza na nyingi, unapunguza kadiri gumba linavyoelimika. Na usirushe kwa hasira. Beitikasta inataka mkono unaoanza taratibu na kumalizia kwa kasi. Ukiikurupusha, bobini nayo inakurupuka.

Wiki ya pili kitu kikajibu ndani ya mkono. Ule usikivu wa kidole niliotoka nao Tanga, wa kujua kama ni samaki au ni jiwe, ulikuwa umerudi, sasa kwenye gumba. Kwa mvuvi wa mshipi wa mkononi, nadhani beitikasta iko karibu na nyumbani kuliko spini. Mkono unagusa bobini yenyewe, na samaki akipumua unajua.

Lakini msikimbilie dukani. Novemba iliyofuata nilirudi Lewisville na beitikasta peke yake, nikijiona nimehitimu. Upepo ulikuwa unavuma usoni, maji yamepoa, besi hawataki kitu kikubwa. Walitaka kiwavi kidogo cha plastiki, na chambo pamoja na ndoana havikufika gramu 5. Uzito huo hauna nguvu ya kuizungusha bobini. Unarusha kwa nguvu, kinakwenda hatua chache, upepo unakipunguza mwendo, bobini haina habari, na nywele za mtoto zinarudi. Shemeji siku hiyo alikuwa amechukua ile spini yangu ya dola 60. Alivua wanne. Mimi sikupata hata mmoja, na njugu alikula tena.

Kwa hiyo mkiniuliza, nitawauliza ninyi mnatupa nini na wapi. Chini ya gramu 7, maji ya wazi, upepo, gati, chambo cha kudondosha wima: spini, bila mjadala. Kuanzia gramu 10 kwenda juu, miti, magugu, vyambo vya bati vinavyozunguka au vile vya kugonga mawe: beitikasta. Katikati ya hapo fanya unavyojisikia. Zipo beitikasta za bobini nyepesi zinazotupa hata gramu 3, ila bei yake itakufanya ufikirie nauli ya kwenda nyumbani kwanza.

Mwenye dola 100 tu anunue spini, abaki na chenji ya leseni. Ya dola 50 ya beitikasta usiiguse hata ukipewa zawadi; hapo ndipo watu wengi wanapojifunza kuchukia kitu ambacho hakijawakosea. Spini ya bei rahisi inavumilika. Beitikasta ya bei rahisi ni adhabu. Na spini nayo ina kasoro yake ndogo inayoudhi: ukifunga ule waya kwa kuzungusha mkono wa rili badala ya kuufunga kwa kidole, mshipi unajisokota mpaka siku moja unakutolea kitanzi. Nimebadilisha mshipi mara tatu kabla ya kulijua hilo.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu Lewisville: kome wadogo wenye milia, wageni walioingia bwawani humo mwaka 2013, wamejishika kwenye mawe kila mahali, na maganda yao yanakata mshipi kama wembe. Mshipi wa kusuka ndio unaoumia zaidi. Mimi kwenye spini nafunga mshipi wa kusuka wa ratili 10, kisha mbele naunganisha futi sita za florokaboni, mshipi mgumu wa plastiki unaovumilia mikwaruzo, na kila baada ya samaki naupitisha vidoleni kutafuta mkwaruzo.

Kaka yangu wa Tanga aliona picha akaniomba nimtumie beitikasta ya kuvulia kolekole kwenye ngalawa. Nilimtumia spini. Hizi rili za besi zimetengenezwa kwa maji baridi; chumvi ya bahari ikiingia kwenye beringi ndogo za beitikasta, mwezi mmoja tu unasikia mchanga ndani. Alinuna kidogo, halafu akatuma picha ya changu wawili. Hakununa tena.

Ndugu wengine wananiuliza swali lisilohusu rili: mbona unavua kisha unarudisha? Lake Fork sheria inakulazimisha kumwachia besi wa kati ya inchi 16 na 24, yaani hasa wale ambao kwetu wangeingia chunguni. Mama hajawahi kulikubali hili. Kila nikimtumia picha ya samaki anauliza mchuzi umepikwa na nini, na nikimweleza ananyamaza kwenye simu kwa muda mrefu.

Sasa hivi garini nina fimbo tatu, beitikasta mbili na ile spini ya dola 60, ambayo rangi imebanduka na bado inafanya kazi. Jumamosi tunakwenda Fork. Shemeji ameshaniambia ile spini ni yake.