PGCE ya somo la michezo England: uzoefu wangu kwa anayetaka kuomba

Nimesoma PGCE, kozi ya ualimu ya mwaka mmoja kwa mwenye shahada, ya elimu ya viungo na michezo kwa shule za sekondari, England. Uskoti na Wales zina taratibu zao, kwa hiyo ninayosema hapa yachukue kwa England tu.

Mwisho wa mwaka unatoka na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: cheti cha PGCE kutoka chuo kikuu, na QTS, yaani hadhi ya mwalimu kamili. QTS peke yake inatosha kuajiriwa England, na ziko njia za mafunzo zinazokupa hiyo tu. Ukiwa na nia ya kurudi nyumbani au kwenda kufundisha Ghuba, chagua yenye PGCE, na uulize kama ina krediti 60 za ngazi ya uzamili. Shahada kamili ya uzamili ni krediti 180, kwa hiyo unakuwa umeshamaliza theluthi. Wakenya wakumbuke pia kwamba TSC, tume ya kuajiri walimu Kenya, humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, na PGCE hii ni ya somo moja. La pili litatoka kwenye shahada yako ya kwanza, ama halitatoka popote.

Karatasi zianze mapema kuliko unavyodhani. Aliyesoma Afrika Mashariki anahitaji tamko la ulinganifu kutoka UK ENIC, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, na si la shahada peke yake: wanataka pia ushahidi wa Kiingereza na hesabu wa kiwango cha GCSE (mtihani wa huko wa umri wa miaka 16) daraja la 4. Juu ya ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu Uingereza, aliyeishi nje ya Uingereza huulizwa cheti cha polisi cha nchi aliyotoka, kile ambacho Kenya tunakiita cha tabia njema. Kisipofika kwa wakati, shule inaweza kukataa kukupokea, na siku zinapotea. Siku hizo zina hesabu: angalau 120 shuleni, katika shule zisizopungua mbili.

Ukifanya hesabu hiyo utaona kozi yenyewe iko shuleni, chuo ni nyongeza. Kwa hiyo nikiulizwa kozi ipi ni nzuri, jibu langu ni moja: ile yenye walimu walezi wazuri. Kwenye usaili uliza mlezi anapewa muda gani kwenye ratiba yake wa kukaa na mwanafunzi kila wiki, na nani huja kukutazama ukifundisha. Wakijibu kwa maneno ya jumla, tafuta kwingine.

Sasa ufundishaji wenyewe. Wengi huja wakiwa wachezaji hodari, na uhodari huo haukusaidii sana mbele ya watoto 30 wa miaka kumi na mbili. Kipindi cha dakika 60 hakina dakika 60. Toa kubadili nguo mwanzo na mwisho, toa mahudhurio na kukusanya vifaa, unabaki na kama 40. Maelezo yakizidi dakika moja, kwenye baridi ya Januari, watoto wanaganda na kuanza kusukumana. Mipira iwekwe chini kabla hujafungua mdomo. Wewe utazame jua, wao waligeuzie mgongo.

Panga nafasi kabla ya kupanga mazoezi. Ukumbi wa kawaida wa shule una viwanja vinne vya badmintoni. Wawili wawili kila upande ni watoto 16, na 14 wamekaa ukutani. Hapo ndipo vipindi vingi vya wanafunzi wa ualimu huharibika, na mtazamaji anaandika kwamba nusu ya darasa haikufanya kazi. Gawa saba au wanane kwa kila uwanja: wanne wanacheza, mmoja mwamuzi, mmoja anahesabu pointi, waliobaki wana kadi yenye jambo moja tu la kuangalia, mathalani mguu gani umetangulia wakati wa kupiga. Zungusha kila dakika nne. Na panga ukijua kwamba Mei na Juni ukumbi hujaa madawati ya mitihani. Riadha na mchezo wa rounders (wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia) unafundishia nje, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Kwenye mikuki hakuna mjadala. Inabebwa wima, ncha chini, kwa kutembea. Wote wanarusha kwa amri moja na wote wanakwenda kuokota kwa amri moja. Hakuna anayeokota mwenzake bado ameshika wa kurusha. Trampolini usiiguse bila cheti chake maalumu, hata mlezi akikuambia endelea tu. Jimnastiki na dansi ndizo zinazowatesa watu wa kwetu waliokulia kwenye soka, mpira wa pete na riadha. Jifunze misingi yake kiangazi kabla ya kozi kuanza, pamoja na raga na kriketi.

Halafu kuna darasani. GCSE ya michezo ni asilimia 60 mtihani wa maandishi, 30 vitendo katika michezo mitatu, 10 uchambuzi. Wanafunzi hukwama kwenye wenzo, yaani mfupa unaozungukia egemeo huku nguvu ya msuli, jitihada, ikiinua mzigo. Mimi huwaonyesha kwa miili yao: kichwa shingoni, egemeo liko katikati; kusimama kwa ncha za vidole, mzigo uko katikati; kukunja kiwiko, jitihada iko katikati. Usipoijua anatomia vizuri kufikia Septemba utakuwa unasoma usiku unachofundisha asubuhi, na usiku tayari umejaa maandalizi, tathmini na insha za chuo. Chuo nilikosoma kilirundika insha wiki zilezile tulizokuwa na vipindi vingi zaidi shuleni, na hilo sikulipenda hata kidogo. Omba kalenda ya insha kabla ya kukubali nafasi.

Fedha: ada kwa wakazi mwaka 2025/26 ni pauni 9,535, wageni hulipa zaidi, na michezo haimo kwenye masomo yanayopewa ruzuku ya mafunzo. Ongeza nauli, koti la mvua la maana, viatu vya nyasi bandia na vya ndani visivyochora sakafu.

Ukiajiriwa unaingia miaka miwili ya ECT, yaani ya mwalimu anayeanza kazi. Mwaka wa kwanza unapunguziwa asilimia 10 ya vipindi, wa pili asilimia 5. Angalia punguzo hilo limo kwenye ratiba yako ya maandishi, na kwamba muda huo haukujazwa timu za kufundisha baada ya masomo.