Kuchanganya fani katika Dungeons & Dragons: toleo la 3.5 na la 5

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, fani ni aina ya mhusika (mpiganaji, mchawi na kadhalika), na unaweza kugawa ngazi zako kwenye fani kadhaa. Toleo la 3.5 (2003) hukokotoa nyongeza ya shambulio (nambari inayoongezwa kwenye kete unaposhambulia) ya kila fani kivyake, kisha hujumlisha. Mpiganaji wa ngazi ya 4 ana +4. Mwenye ngazi mojamoja za mjanja, kasisi, malenga na mchawi ana +0, maana desimali hutupwa kabla ya kujumlisha. Ovyo kabisa! Jumlisheni kwanza (0.75 kwa kila mmoja wa watatu wa mwanzo, kisha 0.5 ya mchawi: 2.75), ndipo mtupe desimali, mpate +2.

Toleo la 5 (2014) limetibu hilo: nyongeza ya umahiri, ambayo nayo huongezwa kwenye kete ya shambulio, hufuata jumla ya ngazi za fani zote. Mtego umehamia kwenye shambulio la pili katika zamu moja, ambalo mpiganaji na mwindaji hulipata kwenye ngazi ya 5 ya fani yenyewe: mpiganaji 4 na mwindaji 4 ni ngazi ya 8, lakini bado hupiga mara moja. Fikisha 5 kwenye fani moja kati ya hizo, ndipo uchanganye.