TAHADHARI: Kuna jamaa anauza deki za laserdisc "HD", mi kashaniliza

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna Mswahili mwenzetu huku huku Marekani anazunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua, anauza deki za laserdisc zilizotoka Japani, tangazo lake linasema "imefanyiwa sevisi, picha HD, HDMI ipo, digital memory, inacheza pande zote mbili". Mimi kanila dola 380 na nyingine 75 za usafiri. Jina simtaji, sitaki kesi, ila namna anavyofanya nawapa yote.

Kwa wasioijua, laserdisc ndo babu yake DVD, sahani ya inchi 12 kama santuri ila inang'aa kama CD, ilianza kuuzwa hapa Marekani mwaka 1978. Mi ugonjwa wangu ni picha yake. Kanda ya VHS inakupa mistari kama 240 hivi, laserdisc inafika kwenye 425, halafu kwa kuwa picha ni analogi sini ya giza au moshi haikatiki vile viboksi viboksi unavyoviona kwenye streaming ya bei chee. Ukiipata deki nzuri na TV ya kizamani ya mgongo, acha kabisa.

Sasa hapo kwenye analogi ndo nilitakiwa nishtuke. HDMI ni waya wa kidigitali, na yenyewe imekuja 2002, wakati huo laserdisc ishakuwa mzee wa kustaafu, kampuni ya Pioneer ndo alikuwa wa mwisho na 2009 akatangaza anaacha kuzitengeneza, na mpaka anafunga hakuna hata moja iliyotoka kiwandani na HDMI. Hakuna. Picha ndani ya sahani imekaa mseto, rangi na mwanga humo humo, inatoka kwa waya wa njano au S-video (waya mwingine wa picha wa kizamani), basi. (Japani kulikuwa na sahani za Muse, zile ni HD kweli ya analogi, ila zinataka deki yake maalumu na bei yake utauza gari.) "HDMI" ya huyu bwana ilikuwa kale kaboksi keusi ka kubadilishia waya, unakapata dukani kwa dola 12, kakabandikwa nyuma na gundi ya moto! Tena gundi imechuruzika hadi kwenye matundu ya kupitishia hewa.

Nilivyomuuliza kuhusu ubora wa picha akanitumia picha ya TV inawaka, sinema imejaa skrini nzima, kali kama kioo. Nikalainika. Akasema "kaka hii ukiisubirisha inaondoka, kuna Mkongo mmoja ananisumbua tangu asubuhi", halafu akaniambia nitume hela kwa ile njia ya kumtumia ndugu ili tukwepe makato, na mimi kwa ujanja wangu wote nikatuma, sijui hata nilikuwa nawaza nini, maana ukituma hivyo hela haina bima, ukilizwa umelizwa.

Mzigo umekuja baada ya siku tisa, umefungwa kwa nguo za zamani. Naufungua nasikia kitu kinacheza ndani. Nikawasha, trei ikatoka nusu ikagoma, ikabidi niivute kwa kidole. Nikaweka sahani, ikaanza kuzunguka na mlio kama feni ya dari inayotaka kuanguka, picha ikaja, nikasema haya alhamdulillah. Dakika ishirini za mwanzo safi kabisa. Halafu ilivyokaribia ukingo wa nje wa sahani yakaanza kuingia mawimbi ya mshazari ya rangi, kama umetandika kanga ya miraba juu ya sinema, na upande B ndo haukucheza kabisa, unasikia jicho la leza linahangaika kupanda juu krrr krrr kisha deki inazima sahani yenyewe.

Fundi niliyempelekea kaifungua mbele yangu. Ile reli ambayo jicho linapita kuzunguka kwenda upande wa pili, grisi yake imekauka imekuwa kama nta, na mkanda wa trei umeyeyuka unanata kama bablishi. Na yale mawimbi ya ukingoni ni kwa sababu sahani kubwa inainama kidogo kwa nje na jicho linatakiwa liiname nalo, sasa mfumo wa kuliinamisha haufanyi kazi. Sevisi gani hiyo!

Bado kuna digital memory. Sahani ziko za aina mbili, CAV ya dakika 30 kwa upande na CLV ya dakika 60. CAV ukibonyeza pozi picha inasimama tuli kwenye deki yoyote, ila CLV inasimama tu kama deki ina memori ya kidigitali. Nikaweka CLV nikabonyeza pozi. Skrini ya bluu tupu. Nikageuza deki, namba ya modeli nyuma imefunikwa na stika nyeupe, nikaibandua kwa kucha, kumbe ni modeli ya chini tu, tangazo lilikopiwa sifa za modeli nyingine, na pembeni pameandikwa volti 100. Huku tuna 120 na yeye kaniambia chomeka tu ukutani hamna shida. Sasa fikiria angemuuzia mtu anayepeleka Dar kwenye 230, si moshi huo?

Na zile sahani kumi za "zawadi": saba zimeoza, picha imejaa chenga za rangi rangi kwa sababu alumini ndani imeshaliwa, hazitengenezeki. Tatu zilizobaki ziko ndani ya makasha ya plastiki magumu, hizo wala si laserdisc, ni CED, sahani za video za kampuni ya RCA, zinasomwa kwa sindano kama santuri. Nilicheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo mtu akikuuzia deki hizi mwambie arekodi video moja isiyokatwa, anaweka sahani kubwa, sio CD, maana deki nyingi za hivi zinacheza na CD pia, na wengi wanajaribu kwa CD wanasema inafanya kazi wakati CD haina uzito wa kuisumbua mota. Apeleke mbele mpaka mwisho wa upande A, aende upande B, apige pozi kwenye CLV, na aonyeshe kibandiko cha nyuma. Akianza kukwambia betri ya simu imeisha, achana naye.

Mi nilimtumia video ya matatizo yote, akajibu "poa kaka nacheki", kesho yake kaniblok. Ndo nikarudi kuiangalia ile picha aliyonitumia, nikaikuza, chini kabisa kwenye kona ya TV kuna kamstari kembamba kekundu na kidoti, ile ya streaming ukipozi.

Jana kapost tena kwa jina jingine. Zulia lile lile, deki nyingine, na kamstari kekundu bado kapo.